Nyumba Ndani ya Birika

Oyet alisema uongo mara mbili. Ule wa kwanza aliusema akiwa amekalia kigoda cha mwenyeji wake, kikombe cha chai mkononi, na labda hata hakujua kama ni uongo. Wa pili aliusema kwenye simu, na huo aliujua vizuri kabisa. Anayetaka kumtetea amtetee kwa ule wa kwanza. Kwa wa pili mimi simo.

Kwanza mjue kazi yake. Oyet alikuwa fundi wa kutengeneza picha za nyumba ambazo bado hazijajengwa. Mjenzi anakuja na ramani, Oyet anaisimamisha nyumba ndani ya kompyuta, anaitia madirisha na makochi mpaka bakuli la matunda mezani, na mnunuzi akitazama anajiona amekwisha kuhamia. Ofisi yao ilikuwa Mengo, juu ya duka la sare za shule. Mwenye ofisi alikuwa Dawudi, Muganda mcheshi ambaye r na l kwake ni mapacha, huyu humwita kwa jina la yule.

Sasa, nyumba ya kompyuta ina ugonjwa wake, nao ni mwanga. Ukiiwashia taa za kubuni inatoka kavu, kama ya plastiki, na mteja anasema "nzuri" kwa sauti ya mtu asiyenunua. Dawa yake ni kwenda mahali penyewe, kusimamisha kamera juu ya miguu mitatu na kupiga picha pande zote, mpaka juu na chini. Na kila upande haupigwi mara moja. Unapigwa mara saba, kuanzia picha nyeusi tii ambayo ndani yake kinaonekana kitone cha jua tu, mpaka picha nyeupe pe ambayo jua limemwagika kila mahali lakini unaona hata kilichojificha uvunguni. Kompyuta inazishona zote zinakuwa tufe moja, tufe linalojua jua lina ukali gani na kivuli kina giza gani. Wenye kazi huliita HDR. Kwa Dawudi waliliita tufe, basi. Unaiweka nyumba yako katikati ya tufe hilo, na mwanga wa kweli unaiangukia kutoka pande zote. Kitambaa chekundu kilichokuwa uani kinatia wekundu kidogo darini. Na kitu chochote king'aacho, kiwe bomba au sufuria, kinaakisi dunia ile iliyopigwa picha. Hilo la mwisho mliweke akilini.

Mwezi wa kwanza ilikuja kampuni ya wajenzi, jina lake halitawafaa kitu, na ramani ya ghorofa nane za kujengwa kwenye mteremko wa Kibuli. Walitaka mwanga wa pale pale kiwanjani. Dawudi akamwita Oyet.

"Nenda wewe," alisema. "Pale kuna mama mmoja Mnubi hataki kuona kamera. Rakini wewe unacho Kiswahiri cha kambini. Mtaerewana."

Kweli alikuwa nacho. Oyet alizaliwa Mbuya, mtoto wa sajini Mwacholi, na kule kambini watoto wa kila kabila walitukanana na kupatana kwa Kiswahili. Akapanda boda boda mpaka Kibuli, begi la kamera mgongoni, akabisha hodi kwenye ua wa nyumba ndogo ya rangi ya bluu. Mwanamke wa karibu miaka sabini alikuwa mkekani anasuka kawa la kufunikia chakula, ukindu mwekundu na wa zambarau umemzunguka.

"Salaam aleikum, Mama."

"Waaleikum salaam. Mtoto wa wapi wewe, unasema kama marehemu mume wangu?"

"Mbuya, Mama. Kambini."

"Yarabi, mtoto wa kambi!" Akamsogezea kigoda. "Kaa, kaa. Baba yako kikosi gani?"

Chai ya tangawizi ilifika kabla ya swali la pili. Yule mama jina lake Kaltumi. Babu yake aliingia nchi hii kutoka Sudani, bunduki ya Mwingereza begani. Mumewe aliendesha lori la jeshi mpaka mgongo ukamshinda. Katika kibanja kile, yaani kiwanja chake cha makazi, alikuwa amekaa miaka arobaini na mmoja, na hapo ndipo alipomzalia Jamilah, binti yake wa pekee. Alikuwa bado anasimulia alipoliona begi.

"Hiyo si kamera?"

"Ni kamera, Mama, lakini..."

"Basi kunywa chai yako uende salama. Nyumba hii haipigwi picha. Marehemu alisema, anayepiga picha nyumba ya mwenzake anaipimia bei. Na wale waliopaka uchafu wao pale walikuja na kamera vile vile."

Akaonyesha kwa kidevu. Ukutani, kando ya mlango, palikuwa na alama kubwa ya X, nyekundu, rangi imechuruzika. Oyet aliiona. Aliiona vizuri, nataka hilo lieleweke, na alijua ni kampuni gani inayopaka X kwenye kuta za watu. Angeweza kuaga. Badala yake akanywa funda moja la chai, akasema uongo wake wa kwanza.

"Mama, mimi sipigi picha ya nyumba. Nachukua mwanga tu."

Kaltumi alimtazama, halafu akacheka mpaka akashika ubavu. "Mwanga! Mwanangu, wanga tunaowajua sisi ni wale wanaozunguka majumba ya watu uchi. Wewe umekuja saa nne asubuhi na suruali umevaa!"

Oyet naye alicheka, chai ikamwagikia goti. Akaeleza: mwanga wa jua, Mama, jinsi unavyoanguka hapa, ili nyumba ya kwenye kompyuta ing'ae kama ya kweli.

"Na nyumba yangu haimo?"

"Nyumba siyo ninayoitafuta, Mama. Mwanga tu."

Mnaona alivyolizunguka swali? Kaltumi hakuona, au aliona akapuuza, kwa sababu mtu anayesema Kiswahili cha marehemu mumeo ni taabu kumdhania ubaya. "Haya," akasema, "chukua mwanga wako. Mungu hauuzi. Mimi nikae wapi?"

"Hapo hapo. Ila nakuomba jambo moja, usisogee. Picha ni nyingi na lazima zilingane. Ukisogea utatoka kama moshi."

Kaltumi akatulia, kawa limelala magotini, sindano iko hewani. Dakika ishirini nzima. Oyet alizunguka na kamera yake, yeye akijificha nyuma yake ili asiingie, na kila alipotupa jicho alimkuta vile vile. Nzi alitua shavuni kwa yule mama, akatembea mpaka kidevuni, naye hakumfukuza.

"Tayari, Mama. Asante sana."

"Nimetulia?"

"Kama askari wa gwaride."

Alifurahi huyo, utadhani amepewa cheo! Akamwomba namba ya simu, maana mtoto wa kambi hapotezwi hivi hivi, na alipokuwa anaondoka akamtilia mkononi kawa dogo. "Funika nalo chakula chako huko ofisini. Nzi wa Mengo hawana adabu."

Kesho yake Oyet alitengeneza picha ya kwanza, jiko la ghorofa ya nne. Kabati jeupe, dirisha pana, na mezani birika la chuma linalong'aa. Akaliweka tufe, akaiacha kompyuta ifanye kazi, na picha ikatoka tamu ajabu. Darini kulikuwa na wekundu mwembamba wa ukindu usioweza kuubuni. Dawudi alishika kichwa. "Banange! Hiri jiko mke wangu asirione!" Kampuni ikaichukua siku hiyo hiyo.

Wiki iliyofuata wakataka na tufe lenyewe, lakini safi. Wanunuzi, walisema, wataligeuza kwa kidole kwenye simu na kutazama mandhari. Kwa hiyo nyumba ya bluu itoke, choo kitoke, mama atoke, vibaki kilima na anga na mnara wa msikiti. Hilo lisiwashangaze, kusafisha ni desturi ya kazi ile. Miguu ya kamera husafishwa, kivuli cha mpigapicha husafishwa, mbuzi aliyepita husafishwa. Oyet alianza na choo. Akaja kwenye nyumba, akanakili majani ya kona moja na kuyapaka juu ya mlango, juu ya ile X, juu ya paa. Mwisho akafika kwa Kaltumi. Alianzia magotini, na alipofika usoni alipaka haraka haraka kama mtu anayefunika kitu barabarani. Halafu akazifuta zile picha za asili, kwa kuwa zinajaza diski na desturi yao ni kuzifuta kazi ikishapokelewa. Akafunua kawa lake, akala.

Mwezi wa tatu Kaltumi alikwenda Bombo kwenye harusi ya mpwa wake, siku tatu. Aliporudi alikuta uzio wa mabati. Ndani ya uzio tingatinga lilikuwa limeshamaliza. Hapakuwa na ukuta, hapakuwa na choo, palikuwa na udongo mwekundu uliosawazishwa vizuri. Majirani wa pande zote walikuwa wamehama tangu mwaka uliotangulia. Akakaa juu ya mzigo wake wa nguo za harusi mpaka Jamilah akaja kumchukua.

Haya yote Oyet hakuyajua. Aliyajua Jumatatu moja ya mwezi wa tano, saa sita mchana, simu ilipolia.

"Mtoto wa kambi! Unanikumbuka?"

"Mama Kaltumi! Nitakusahauje?"

Akamweleza taratibu, bila kulia. Jamilah amepeleka malalamiko kwenye kamati ya ardhi, Alhamisi wanasikilizwa. Kampuni inasema pale hapakuwa na kibanja cha mtu, palikuwa pori. Na wameleta ushahidi, picha ya ajabu inayozunguka pande zote, ya mwezi wa kwanza mwaka huu. Unaigeuza huku na huku, ni majani matupu.

Majani hayo Oyet aliyajua, aliyapaka yeye.

"Sasa wananiuliza mimi, picha ya nyumba yako iko wapi? Nitaitoa wapi, niliyewakataza watu wote? Za harusi yangu zilikuwa sandukuni, na sanduku liko chini ya udongo. Ndipo nikakukumbuka wewe. Ulisema unachukua mwanga tu. Nakuuliza, mwanangu, katika ule mwanga, nyumba yangu haikuingia hata kidogo?"

Meza ya pili Dawudi alikuwa ameacha kuandika, anamtazama. Oyet aliona kazi yake, aliona kampuni, aliona mkono wake mwenyewe ukipaka majani. Na mdomo ukafunguka.

"Hapana, Mama. Haikuingia."

"Haya," Kaltumi akasema. "Usijilaumu, mwanangu. Ulishaniambia tangu mwanzo."

Angemtukana ingekuwa nafuu. Oyet aliweka simu mezani na kuitazama. Chakula chake kilikuwa pale, matoke ya mchuzi wa karanga, kimefunikwa kwa kawa la rangi nyekundu na zambarau, na hakuweza hata kuligusa. Aliona haya, haya ya kweli, ile inayochoma masikio. Mtu amekupa kigoda, amekupa chai, amevumilia nzi usoni kwa ajili yako, halafu anakubembeleza usijilaumu!

"Ulijua?" akamuuliza Dawudi.

"Nirijua nini? Waritaka tufe safi, tukawapa safi. Kazi gani hatusafishi sisi?"

"Wameipeleka kwenye kamati kama ushahidi."

Dawudi alivua miwani, akaipangusa kwa shati, na hakumtazama. "Oyet, wewe ni fundi, si wakiri. Hawa wana majengo mengine matatu. Ukienda kule Arhamisi, usipite tena hapa."

Jumanne yote Oyet alipekua diski. Alifungua kila moja, akatafuta hata kwenye simu yake ya zamani. Picha za asili hazikuwepo. La kiwanja kile lililobaki ni tufe lile safi, na kila alipoligeuza aliona mahali alipoketi yule mama, majani yake mabichi. Kumbe Kaltumi alimtania, naye ndiye hasa. Mwanga ni nani, kama si mtu anayeingia kwa watu akicheka, akatoka na nyumba?

Jumatano asubuhi aliamua kwenda kwa Jamilah, amwangukie mama wa watu miguuni, liwalo na liwe. Njia inapita kwenye ule uzio. Boda boda ilipopunguza mwendo kwenye kona, Oyet akainua macho, na akampiga dereva begani. "Simama! Simamisha hapa!"

Juu ya mabati kampuni ilikuwa imetundika picha kubwa kama ubavu wa lori, ya kuwavuta wanunuzi. Ilikuwa lile jiko. Jiko la siku ya kwanza, alilolitengeneza kabla hajasafisha chochote, na hakuna aliyewahi kuagiza lingine. Kabati jeupe, dirisha pana. Na birika, ambalo kwenye kompyuta lilikuwa dogo, hapa lilimzidi mtu kimo.

Oyet alivuka barabara bila kutazama magari. Tumboni mwa birika, imepindika kidogo kwa mviringo wa chuma, ilisimama nyumba ya bluu. Mlango wake ulikuwa wazi na kando ya mlango ile X, nyekundu, mchuruziko na yote. Na mbele ya mlango mwanamke mkekani, kawa magotini, sindano hewani, anamtazama moja kwa moja.

Mtu mwingine angeshangilia. Yeye alikaa chini kando ya mtaro, na dereva wa boda boda akamuuliza kama ni mgonjwa. Alikuwa amemfuta kwa mkono wake mwenyewe, amefuta mpaka picha zake za asili, na mama hakutoka. Akalia pale pale mchana kweupe, watu wakipita.

Kwa Jamilah hakufika. Mimi hilo nalo nimemhesabia. Aliogopa kumwona Kaltumi uso kwa uso kabla hajafanya jambo lolote la maana. Alirudi Mengo, akanakili picha ya jiko pamoja na barua ya kampuni ya kuipokea, yenye tarehe. Akaweka ufunguo wa ofisi juu ya meza ya Dawudi, akachukua kawa lake, akateremka.

Alhamisi kamati ilikaa kwenye chumba chenye mabenchi. Mwenyekiti wake alikuwa Alanyo, mama wa makamo mwenye miwani ya mnyororo shingoni. Wakili wa kampuni alikuwa ameshaligeuza lile tufe mbele ya watu mara mbili, majani matupu, na sasa ameketi kwa raha zake. Kaltumi alikuwa benchi la mbele na Jamilah. Alipomwona Oyet mlangoni alitabasamu, akamsogezea nafasi akae. Oyet alibaki amesimama.

"Nina ushahidi," alisema. "Naomba niutoe kwa Kiswahili, ili mama huyu ausikie kwa masikio yake mwenyewe."

Alanyo akaitikia kwa kichwa.

"Picha hiyo ya majani nimeipiga mimi. Nyumba ilikuwepo, na mama alikuwepo. Nimewafuta mimi, kwa mkono wangu. Halafu Jumatatu mama amenipigia simu kuniuliza, nikamwambia haikuingia. Nilimdanganya."

Tabasamu la Kaltumi liliondoka polepole. Akashusha macho kwenye mikono yake, na Oyet akatamani amtukane.

Wakili aliruka juu. Kijana ana kinyongo, kijana amefukuzwa kazi, nani ajuaye! Oyet akaenda kwenye ile picha ya majani, akaweka kidole. "Hiki kichaka chenye jani lililokatika, kiko hapa. Kiko na hapa. Na hapa. Nilikinakili mara tisa, hesabuni. Pale nilipopapaka haraka zaidi ndipo ulipokuwa uso wake." Kisha akaweka mezani picha ya jiko na barua yake. "Na hii ndiyo waliyoitundika wao wenyewe barabarani. Tazameni birika."

Walihesabu. Mjumbe mmoja alihesabu kwa sauti, na alipofika tisa wakili alikuwa ameketi. Kisha picha ya jiko ikapita mkono hadi mkono, na Alanyo akaishika muda mrefu, miwani juu ya pua. Akamwita Kaltumi aje aone. Mama akainuka, akainama juu ya ile karatasi, na kidole chake kikagusa mlango wa bluu, kikateremka mpaka mkekani.

"Ni mimi," alisema kwa sauti ndogo. "Na lile ni kawa nililokuwa namsukia Jamilah."

Alanyo alimgeukia Oyet. "Jambo moja silielewi. Ndani ya birika kila kitu kimepinda, mpaka paa limekunjamana. Huyu mama mbona ametoka wazi hivi, hata sindano yake inaonekana?"

Oyet aliinua macho kutoka kwenye ile picha. Akamtazama Kaltumi, na safari hii Kaltumi naye akamtazama.

"Nilimwambia asisogee," akasema. "Naye hakusogea."